Chui Aliyekimbilia Theluji

Nikisema "Mlima!" ninyi itikeni "Unatuona!" Haya. Mlima!

Hapana, mnaitika kama wagonjwa. Hebu tena. Mlima!

Eeh, hapo sasa nimesikia watu.

Zamani, wajukuu wangu, zamani ile mawe yalipokuwa bado laini, babu wa babu yangu hajapewa jina, watu wetu walikaa kwenye mgongo wa Kyalumba. Ni juu, juu kuliko hapa tulipo, pale miti inapoanza kuota ndevu. Chini ya nyumba zao yalikuwako mashamba ya wimbi na magimbi. Juu ya nyumba, msitu. Juu ya msitu, mianzi. Juu ya mianzi, matope na nyasi, matope yanayomeza mguu hadi gotini. Na juu ya hayo yote ilikaa theluji. Theluji ilikuwa na mwenyewe, watu walimwita Mwenye Theluji. Hakuna aliyemwona, ila kila mtu alimwogopa.

Thembo, acha kuchokoa moto, unatutia moshi machoni.

Kwenye mgongo huo aliishi mwindaji, jina lake Bwambale. Mtu mrefu, mkimya, mkono wake mwepesi. Akivuta upinde, upote unafika sikioni. Upote ndio ule ugwe wa upinde, ule unaovutwa na vidole. Msituni hakuna mnyama aliyesikia upote wa Bwambale ukilia mara mbili. Mke wake aliitwa Kabugho, na Kabugho hakuwa mkimya hata kidogo. Pamoja nao alikaa Ithungu, mdogo wake Kabugho, msichana wa kuanza kuchumbiwa, anayecheka hata akichomwa na mwiba.

Basi, akatokea chui.

Chui yule aliteremka kutoka juu, kutoka kwenye baridi. Alikuwa mkubwa, manyoya yake marefu na mazito. Babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia kuwa alikuwa mweusi tititi. Msimsadiki. Alikuwa na madoa kama chui yeyote. Babu yenu alipenda kutia chumvi hata kwenye uji.

Chui akala mbuzi. Watu wakalia juu ya mbuzi. Chui akala mbwa. Watu wakafunga milango mapema. Kisha asubuhi moja Ithungu akaenda kijitoni na kibuyu chake, na kibuyu peke yake ndicho kilichoonekana tena.

Mnanyamaza? Nyamazeni. Na wao walinyamaza hivyohivyo.

Kabugho hakulia mbele za watu. Aliokota kile kibuyu, akakiweka nyumbani, akamtazama mumewe. Bwambale akachukua upinde wake, ule wa mti mgumu alioachiwa na baba yake, akachukua podo la mishale, akafuata damu. Damu ikapita msitu. Damu ikapita mianzi. Damu ikaingia kwenye matope na nyasi, akaifuata. Akalala chini ya mwamba, asubuhi akaamka kila kitu ni cheupe. Nyasi nyeupe, mawe meupe, ndevu zake nyeupe. Na juu ya jabali, akiota jua, alikuwa amelala chui.

Bwambale akatega mshale. Akavuta. Upinde ukawa mzito mkononi mwake, mzito kama si wake. Akavuta kwa nguvu, akaufikisha sikioni kama siku zote.

Kwaa!

Si mshale uliolia, wanangu. Ni upinde. Ulivunjika katikati kama mfupa wa kuku, na kipande kikamrukia jicho la kushoto. Chui alisimama, akajinyoosha, akaondoka polepole kama mzee anayetoka kikaoni.

Bwambale alishuka akishika miti. Alipofika nyumbani, jicho lilikuwa limekwisha.

Watu wakakusanyika kwa Mumbere, mkuu wa mgongo ule. Mzee Mumbere hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Alikuwa mtu anayebeba wengi, na mwenye kubeba wengi hutembea kwa woga. Akasema, "Mmeona wenyewe. Mwenye Theluji amevunja upinde wa Bwambale. Chui yule ni mbwa wake. Tutahama. Mwezi huu ukifa, tunateremka nyikani."

"Nyikani kwa nani, mzee?" akauliza mmoja. "Kule kuna wenyewe. Na kuna homa."

"Afadhali homa. Homa huchagua. Chui huyu hachagui."

Hapo Kabugho akasimama nyuma ya wanawake. "Baba Mumbere, naomba neno."

"Sema, mwanangu."

"Mwezi bado ni mzima. Ukifa, tutahama. Kabla haujafa, tupeni ruhusa mimi na mume wangu."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kumfuata."

Wanaume wakaguna. Mwanamke kwenye uwindaji! Jamaa mmoja akacheka, akasema, "Bwambale hana jicho, na sasa anataka kuongozwa na mke!"

Bwambale, yule mkimya, akafungua kinywa. "Mpiga mshale hufumba jicho moja," akasema. "Mlima umenipunguzia kazi ya kulifumba."

Watu wakacheka, hata Mumbere. Na mtu akishacheka, kukataa humwia vigumu. Wakapewa ruhusa.

Sasa nyumbani Kabugho akamketisha mumewe, akamfunga jicho kwa majani, akamuuliza. Hakumuuliza kuhusu Mwenye Theluji. Akamuuliza kuhusu upinde.

"Kabla haujavunjika, ulikuwaje?"

"Mzito. Ulikataa kupinda."

"Kule msituni hukataa?"

"Hata siku moja."

Kabugho akakichukua kipande cha upinde ambacho Bwambale alirudi nacho, akakitazama mahali kilipokatika. Mti ule ulikuwa na uhai bado, ulipakwa mafuta kila mwezi, lakini ulikatika kama kijiti kikavu cha kuwashia moto. Kisha akanyanyuka, akaleta vibuyu viwili vya mafuta. Kimoja mawese, kimoja mbarika. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Akainamisha cha mawese, hakikutoka kitu, yameganda. Akainamisha cha mbarika, mafuta yakateremka taratibu, mazito, lakini yakateremka.

"Unaona?" akasema. "Baridi hushika vitu, lakini haivishiki vyote sawasawa. Upinde wako ulishikwa, ukauvuta kama haujashikwa."

Bwambale akamtazama kwa jicho lake moja. "Sasa tufanyeje?"

"Sijui. Tupande tukaone."

Wakapanda. Bwambale alikuwa na upinde mwingine, mwembamba zaidi. Safari hii hakuubeba mkononi. Aliufungua upote, akauvaa upinde mgongoni ndani ya vazi lake la ngozi za perere, wale pimbi wa mitini, ulale kwenye mwili wake kama mtoto. Wakalala chini ya mwamba. Upote ulikuwa wa ukano wa nyati, mzuri, wenye nguvu. Wakauning'iniza penye ukungu. Hilo ndilo kosa walilofanya. Ukungu ukaingia kwenye ukano, baridi ikaingia kwenye ukungu, na asubuhi upote umesimama wenyewe kama fimbo. Bwambale akaukunja ili auvalishe upinde. Ukano ukaanza kukatika unyuzi mmoja mmoja, tik, tik, tik, mbele ya macho yao, na chui wanamwona kule ng'ambo anajiramba makucha.

Wakashuka. Watu wakatoka kuwalaki.

"Mmerudi na chui?"

"Bado."

"Mmeshindwa?"

Wakasema nini? Bado! Ndiyo, semeni nami. Bado!

Mwezi ukaanza kuliwa upande. Kabugho akachambua nyuzi za gome, akazisokota pajani mwake mpaka ngozi ikachubuka, akasokota upote mpya. Hakuupaka nta, kwa sababu aliijaribu nta ikapasuka kwenye baridi ya alfajiri. Akaupaka mafuta ya mbarika, mara na mara, mpaka ukalainika kama nywele. Na walipopanda tena, upote ule aliuzungusha kichwani mwake, chini ya kilemba cha ngozi, usione ukungu wala umande.

Wakapanda. Wakapita msitu, wakapita mianzi, wakazama kwenye matope na kujivuta, wakazama na kujivuta. Asubuhi upinde ulikuwa na joto la mgongo wa Bwambale, upote ulikuwa na joto la kichwa cha Kabugho. Bwambale akauvalisha. Akauvuta kidogo, akauachia taratibu. Akauvuta tena zaidi kidogo. Aliuamsha, wajukuu wangu, kama unavyomwamsha mgeni, humvuti mguu. Chui alikuwa akishuka bondeni. Bwambale hakuufikisha upote sikioni, aliukomeshea kifuani. Akauachia.

Mshale ukaenda, ukampata chui pajani!

Msishangilie. Ngojeni kwanza.

Chui akageuka, akaung'oa mshale kwa meno, akautema, akaenda zake akichechemea. Wakamngojea aanguke. Hakuanguka. Wakamfuata mpaka kwenye mawe, wakamwona anapanda, anapanda, mpaka akapotea. Kabugho akaurudia ule mshale, akauokota kwa uangalifu. Sumu iliyopakwa kwenye chembe, ile ncha ya mshale, ilikuwa imeganda ngumu, imebanduka magamba magamba kama masizi ya chungu kikuukuu. Chembe iliingia mwilini, sumu ikabaki nje.

Wakaketi juu ya jiwe. Bwambale akauweka uso wake kwenye viganja. Akasema, "Mke wangu, labda Mumbere ana haki. Upinde tumeuponya, umekufa upote. Upote tumeuponya, imekufa sumu. Huyu Mwenye Theluji ana vidole vingapi?"

Kabugho alikuwa amechoka hata midomo haifungiki. Lakini akasema, "Sijui ana vingapi. Najua tumekwisha kukunja vingapi."

Wakashuka.

"Mmerudi na chui?"

Bado!

"Mmeshindwa?"

Bado!

Safari hii hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wakifunga mizigo. Vyungu vimefungwa kamba, mikeka imekunjwa, mbegu zimetiwa vibuyuni. Mwezi ulikuwa umebaki ukucha.

Mumbere akaja mwenyewe nyumbani kwao. Akaketi, akakataa pombe, akasema, "Wanangu, mmefanya ya watu wengi. Pumzikeni. Keshokutwa tunaondoka."

"Keshokutwa ni mbali, baba," akasema Kabugho. "Leo hii tunapanda."

Mzee akatikisa kichwa, akaondoka. Kabugho akaanza kupika sumu upya. Ikachemka, ikawa nyeusi, ikawa nzito kama uji wa magimbi. Akaipaka kwenye chembe za mishale. Kisha akakata kipande cha mwanzi mnene, akaingiza mishale kwa upande wa chembe, manyoya yakabaki nje, akauziba mdomo kwa majani makavu. Akaufunga mwanzi ule tumboni mwake, chini ya ngozi, chini ya nguo, kwenye mwili wenyewe.

Bwambale akaona. "Kabugho! Hicho ni kifo."

"Najua."

"Mkwaruzo mmoja tu, hata mdogo, hufiki mlangoni."

"Najua, mume wangu. Lakini kifo kilichoganda hakimuui chui. Ni lazima kilale mahali penye joto. Wewe umebeba upinde. Mimi nimebeba upote. Hiki nacho kina mahali pake."

"Basi nikibebe mimi."

"Wewe utahitaji kutambaa kwa tumbo. Utatambaa juu yake?"

Bwambale akamfunga mwanzi vizuri zaidi.

Wakapanda. Baridi ya siku ile ilikuwa na meno. Matope yenyewe yalikuwa yameganda, unakanyaga yanalia kama vigae. Walikuwa wameviringisha miguu kwa nyasi na ngozi, na bado vidole havikujua kama vipo. Kwenye mteremko mmoja wa mawe yenye barafu, Kabugho akateleza. Akaanguka kifudifudi, juu ya mwanzi.

Akasikia mwanzi unapasuka.

Hakusogea, wanangu. Alilala palepale, shavu lake juu ya barafu, akasema kwa sauti ndogo, "Bwambale. Usinivute. Njoo taratibu."

Bwambale akapiga magoti. Akamgeuza kidogo kidogo, kama yai. Akafungua ngozi, akafungua nguo. Mwanzi umepasuka urefu wake wote. Chembe moja imetoka nje, imechoma nguo, imetokeza upande wa pili, nyeusi, inang'aa. Bwambale akamkagua mkewe tumboni kwa jicho lake moja, akampapasa, akatazama vidole vyake kama vina damu. Akatazama tena. Akatazama tena.

"Hakuna," akasema. "Hakuna damu."

Kabugho akavuta pumzi, ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio chote cha Ithungu ambacho hakukilia mbele ya watu. Bwambale akamwacha alie. Kisha Kabugho akajifuta pua kwa kiganja, akasema, "Mishale mingapi ni mizima?"

"Miwili."

"Funga mwanzi kwa kamba. Twende."

Mnaona mwanamke huyo? Biira, wewe juzi umeteleza kwenye nyasi tu ukakaa nyumbani siku nzima!

Alfajiri iliyofuata, kabla hakujapambazuka vizuri, walifika penye lile jabali ambapo chui huota jua. Wakajilaza nyuma ya jiwe la jirani, karibu kabisa. Kwa nini karibu? Kwa sababu upinde usiovutwa hadi sikioni hautupi mshale mbali. Walikuwa wameshajifunza hilo. Anayetaka kupiga kwenye baridi ile hana budi asogee mpaka asikie harufu ya mnyama.

Wakangoja. Umande uliganda kwenye kope zao. Bwambale akautoa upinde mgongoni, Kabugho akautoa upote kichwani, wakauvalisha bila sauti. Kisha Bwambale akajaribu kushika mkia wa mshale, vidole vikakataa. Vilikuwa vigumu kama vijiti. Aliviamuru vikunjane, havikusikia.

Kabugho akaushika mkono ule, akaviingiza vidole kinywani mwake. Akavishikilia mle, kimya, macho yake juu ya jabali, mpaka damu ikarudi, na kurudi kwa damu kunauma, mpaka Bwambale akauma mdomo asilie.

Jua likagusa jabali. Na chui akaja.

Alikuja akichechemea, amekonda, paja lake limevimba. Akapanda jabali, akajilaza, akafumba macho. Alikuwa na baridi na yeye, maskini. Kila mwenye damu hulitaka jua.

Bwambale akauamsha upinde. Kidogo. Zaidi kidogo. Hadi kifuani. Akauachia.

Mshale ukapinda angani, ukagonga mwamba.

Ni manyoya! Chembe walikuwa wameitunza, upote wameutunza, upinde wameutunza, wakasahau manyoya ya mshale, yaliyokuwa nje ya mwanzi safari nzima. Yalishika barafu, yakawa mazito upande mmoja. Chui akafungua macho. Akasimama. Akawatazama, na wao wakamtazama, na safari hii hakujinyoosha wala hakuondoka. Aliruka chini, akawajia.

"Mwingine!" akasema Bwambale.

Kabugho alikuwa ameshauchomoa. Akayaingiza manyoya katikati ya midomo yake, akayapulizia pumzi, akayafuta mara moja kwa kiganja, akampa. Chui alikuwa akija, matope yaliyoganda yakipasuka chini ya miguu yake. Bwambale hakuharakisha. Ndugu zangu, angeharakisha tusingekuwapo hapa. Upinde ulitaka kuvutwa taratibu, akauvuta taratibu, chui akiwa anazidi kuwa mkubwa, mkubwa, mpaka jicho lake moja halikuona kitu kingine isipokuwa kifua cha chui.

Akauachia.

Mshale ukazama, ukabaki manyoya. Na chui akafika vilevile. Akamwangukia Bwambale, akamchana bega, mfupa ukaonekana. Kabugho akapiga yowe ambalo wachunga mbuzi wa ng'ambo walilisikia wakadhani ni radi, akaokota jiwe, akamponda chui kichwani kwa mikono miwili, akamponda, akamponda. Chui akamwachia Bwambale. Akarudi nyuma, akageuka, akakimbilia juu, kwenye theluji, alikozoea kwenda asifuatwe.

Lakini sasa sumu ilikuwa imesafiri ndani ya joto la mwili wa mtu, ikaingia laini katika joto la mwili wa chui. Akakimbia. Akatembea. Miguu ya nyuma ikamsahau. Akaketi juu ya theluji kama mbwa anayengoja bwana wake, akalala ubavu, akatulia.

Kabugho akambana mumewe bega kwa majani na ngozi. Alipohakikisha damu imepungua, akapanda kule alikokuwa akilala chui, kwenye pango dogo chini ya mawe. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa ameshika bangili ya shaba ya Ithungu. Na nyuma yake, humo pangoni, ilibaki mifupa.

Bwambale akasema, "Mke wangu, nina mkono mmoja. Wewe umechoka. Hatuwezi kubeba viwili. Tuchune ngozi tushuke nayo. Watu wakiiona ngozi hawatahama."

Kabugho akamtazama chui kule juu, akalitazama pango.

"Sitamwacha mtoto wa mama yangu kwenye baridi hii," akasema.

Bwambale akafikiri. Kisha akalivua lile vazi lake la ngozi za perere, yeye aliyekuwa na jeraha na baridi, akalitandika chini. "Basi mfunge vizuri," akasema. "Asitikisike njiani."

Waliposhuka, waliwakuta watu njiani. Mwezi ulikuwa umekufa. Mizigo ilikuwa vichwani, watoto mgongoni, na nyumba zimeachwa wazi, hazina moto. Mumbere alikuwa mbele na fimbo yake. Wote wakasimama.

"Mmerudi na chui?" sauti ikauliza.

"Amekufa," akasema Bwambale. "Yuko juu ya theluji."

"Ngozi iko wapi?"

Watu wakawasogelea.

"Tuonyesheni ngozi! Mtu hushuka na ngozi! Tutajuaje?"

Kabugho akasogea mbele. Alipiga magoti, akaushusha mzigo wake chini kwa mikono miwili, mbele ya mzee Mumbere. Juu yake akaiweka ile bangili.

Mumbere aliitambua. Kila mtu aliitambua. Mzee akaitazama bangili. Akalitazama bega la Bwambale, na vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwenye ncha. Akamtazama Kabugho, midomo yake imepasuka.

Kisha Mumbere, mkuu wa mgongo wa Kyalumba, akautua mzigo wake mwenyewe kutoka kichwani, akauweka chini kando ya njia.

"Leteni jembe," akasema. "Mtoto huyu atazikwa kwao. Na sisi hatujapata kumzika mtu usiku tukamhama asubuhi."

Mmoja akatua mzigo. Mwingine akatua. Wapo waliokataa, wakateremka nyikani, na wajukuu wao wako huko mpaka leo, tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri. Lakini wengi walitua. Jioni ile moshi ulitoka tena kwenye nyumba za Kyalumba, na Ithungu alilala chini ya mgomba wa mama yake.

Bwambale alipoteza ncha za vidole viwili. Aliwinda tena, ila msituni, karibu na nyumbani. Na vijana walipotaka kupanda juu walikwenda kwanza kwa Kabugho, wakaketi chini, akawaambia, na asiyetaka kusikiliza alimfukuza kwa mwiko.

Sasa wajukuu wangu, mtu akishindwa hupenda kusema, "Ni Mwenye Theluji." Labda ni yeye, mimi sijui, sijamwona. Lakini kilichokushinda leo, usikipigie magoti kabla hujakiuliza kimekushindaje. Uliza upinde. Uliza upote. Uliza manyoya. Halafu panda tena.

Mimi kisa changu nimekibeba mpaka hapa, shingo imeniuma, nimekitua. Mwenye nguvu akiokote. Asiye na nguvu akaoshe vyombo.